Tusilipime sikio tukamsahau mwenye sikio

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii tumeifundisha darasani miaka nenda miaka rudi, na wanafunzi wetu huieleza katika mitihani bila kusitasita. Hata hivyo, ipo mahali ambapo hekima hiyo bado haijabisha hodi, nako ni katika vyumba vingi tunamopimiwa masikio. Mgonjwa huingia, akavishwa vidude masikioni, akapigiwa milio, akachorewa chati, kisha akatajiwa bei. Ni nadra sana aulizwe: Je, ni nini hasa unachotaka kukisikia? Na ni nani unayetaka kumsikia?

Nina shangazi yangu ambaye alifundisha katika shule za msingi kwa zaidi ya miaka 30. Alipostaafu, wanawake wenzake kijijini walimchagua awe mweka hazina wa chama chao, maadamu walimjua kuwa mtu wa mkono safi na mwandiko wa kusomeka. Kila Alhamisi kina mama hao hukutana nyumbani kwa mmoja wao, chini ya paa la mabati. Kila mwanachama hutaja mchango wake, akautia kikapuni, naye shangazi akaandika. Siku moja mwanachama alitaja shilingi mia sita, daftari likaandikwa mia tisa. Juma lililofuata kosa hilo likarudiwa mara mbili. Fedha za kikapuni zikawa chache kuliko za daftarini. Hakuna aliyetamka neno wizi. Lakini minong'ono ambayo shangazi hakuweza kuisikia aliisoma nyusoni mwa wenzake, na hilo lilimuuma kuliko tusi.

Jamaa tukachanga, tukampeleka mjini akapimwe. Akapimwa, akanunuliwa kifaa cha kusaidia kusikia, au shimesikio kama wapenzi wa Kiswahili wanavyokiita. Bei yake ingetosha kununua ng'ombe wa maziwa. Mwezi mmoja baadaye nilimtembelea, nikakikuta kifaa hicho ndani ya kopo la majani chai, kimeviringwa katika kitambaa. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwa upole: "Mwanangu, kidude hiki kinaniletea kuku na upepo, lakini watu hakiniletei."

Msomaji asidhani kwamba alitapeliwa. Kifaa kilikuwa kizima, na aliyempima aliifanya kazi yake kama alivyofunzwa. Tatizo ni kwamba hakumuuliza. Hakujua kwamba aliyeketi mbele yake ni mweka hazina. Hakujua habari za Alhamisi, wala za paa la mabati, wala za kina mama 15 wanaozungumza kwa pamoja. Hakujua hata kwamba baridi yabisi imevikaza vidole vya shangazi, asiweze kubadilisha betri iliyo ndogo kama punje ya hindi. Alilijua sikio lake barabara, ila mwenye sikio hakumjua.

Walimu wa lugha wataelewa upesi jinsi sita ilivyogeuka tisa. Katika usemi wetu, irabu ndizo zenye nguvu, nazo sauti yake ni nene. Konsonanti kama s, f, sh na t ni hafifu na sauti yake ni nyembamba. Uzee, pamoja na kelele za miaka mingi, hudhuru kwanza uwezo wa kusikia sauti nyembamba. Mtu wa aina hiyo husikia vyema kwamba unasema, ila hajui unasema nini. Kwake yeye saa, taa, faa, paa na kaa huweza kuwa neno moja tu: aa. Na maneno sita na tisa yana irabu zile zile kwa mpangilio ule ule; yamebadilishana konsonanti tu. Katika sentensi ya kawaida mtu hubahatisha maana kwa kuangalia muktadha. Lakini tarakimu iliyotajwa peke yake haina muktadha wa kumwokoa msikilizaji.

Sasa natuiangalie ile chati. Kazi yake ni kuonyesha mlio hafifu kabisa ambao mtu anaweza kuunasa akiwa ndani ya chumba kimya, kwanza sauti nene za mitetemo 250 kwa sekunde, hadi nyembamba za mitetemo 8,000. Hiyo ni habari muhimu, wala sidhamirii kuidharau. Pasipo chati, kifaa kinaweza kutegwa kwa nguvu isiyofaa kikaudhuru hata usikivu mdogo uliobakia. Aidha, uchunguzi wa sikio huweza kugundua kwamba kinachomziba mtu ni nta tu, au ni ugonjwa unaohitaji dawa wala si kifaa. Kwa hiyo kipimo na kidumu.

Ila chati haisemi kitu kuhusu maisha. Hebu tuwachukue watu wawili ambao chati zao zimefanana kama shilingi kwa ya pili. Wa kwanza huuza nguo za mitumba katika soko la Gikomba, jijini Nairobi. Riziki yake inategemea kuyasikia maneno ya mnunuzi anayepatana bei katikati ya vigelegele vya wachuuzi na honi za magari. Wa pili ni bawabu wa usiku. Yeye hazungumzi na watu wengi, bali anahitaji kuzisikia nyayo nyuma ya ua na kujua zinatoka upande gani. Tukiwapa wawili hawa kifaa kimoja kilichotegwa namna moja, na tukawapa mawaidha ya namna moja, huenda tusimfae hata mmoja. Isitoshe, yupo wa tatu mwenye chati kama yao ambaye hataki kifaa kabisa, kwani maisha yake ni shamba, redio na mke mmoja mwenye sauti kubwa. Naye pia ana haki ya kusikizwa.

Jambo hili si geni kwa wataalamu. Mwaka 1982, nchini Marekani, Ira Ventry na Barbara Weinstein walitunga hojaji ya maswali 25 kwa ajili ya wazee wenye matatizo ya kusikia. Maswali hayo hayaulizi habari za milio. Yanauliza kama shida ya kusikia humfanya mtu aone haya anapokutana na wageni, kama huzua ugomvi nyumbani, kama humpunguzia hamu ya kwenda ibadani au kuwatembelea jamaa. Mtu hujibu ndiyo, wakati mwingine, au hapana. Baadaye ikatolewa hojaji fupi ya maswali 10, ambayo yeyote aliye na subira anaweza kumsomea mzee wake.

Mwaka 1997, huko Australia, Harvey Dillon na wenzake walieleza mbinu iliyo nyepesi zaidi, nayo ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mgonjwa huombwa ataje mwenyewe hali zisizozidi tano ambazo angependa asikie vizuri zaidi, kisha azipange kwa umuhimu. Siri ya mbinu hii imo katika kukataa majibu ya jumla. Mtu akisema, "Sisikii vizuri," hilo halitoshi. Wapi? Ukiwa na nani? Jambo gani likiendelea? Mgonjwa huongozwa polepole hadi aseme, kwa mfano, "Nataka kuisikia michango ya wanachama siku ya Alhamisi." Maneno hayo huandikwa. Baada ya majuma kadhaa ya kukitumia kifaa, karatasi ile ile hutolewa akaulizwa: Je, hali hii ya kwanza imebadilika kiasi gani? Kwa njia hii mafanikio hupimwa kwa kipimo cha mgonjwa mwenyewe, si cha mwenye duka.

Hapa kwetu maswali hayo yanahitaji kuongezwa mengine yanayotokana na hali zetu. La kwanza ni lugha. Mkenya wa kawaida huamka kwa lugha ya mama, akafanya biashara kwa Kiswahili, akasomewa barua kwa Kiingereza. Anayemhoji sharti ajue ni lugha ipi inayomtatiza na mahali gani, tena amhoji kwa lugha anayoimudu. La pili ni matunzo. Betri zitapatikana wapi, na kwa bei gani? Betri nyingi ndogo za vifaa hivi hudumu siku chache au majuma mawili hivi, na mtu aliye mbali na mji hawezi kupanda matatu kila mara kuzifuata. Ikiwa kifaa ni cha kuchajiwa, je, nyumbani mna umeme? Mkazi wa pwani naye aelezwe jinsi ya kukikausha kifaa chake, kwa sababu unyevu na jasho ni maadui wake wakubwa.

La tatu ni mwili wenyewe. Macho yake yanaona? Vidole vyake vinashika? La nne ni watu wa nyumbani, maana mazungumzo ni kama kupiga makofi, mkono mmoja hautoi mlio. Mke, mume au mwana aitwe naye aulizwe, lakini asimjibie mgonjwa. Mara nyingi jamaa hulalamikia sauti ya televisheni, ilhali mzee mwenyewe analilia simu ya mjukuu wake. La tano, ambalo huenda ndilo zito kuliko yote, ni hiari. Je, mtu huyu anakitaka kifaa, au amesukumwa na watoto wake? Anaonaje akionekana nacho kanisani, msikitini au sokoni? Punda hulazimishwa kwenda mtoni, lakini hawezi kulazimishwa kunywa maji.

Najua kuna watakaonipinga. Watasema kwamba wataalamu wa usikivu katika nchi hii ni wachache, foleni ni ndefu, na hakuna nafasi ya kukaa kitako na kila mgonjwa akisimulia habari za chama chake. Hoja hii si ya kupuuzwa. Lakini natuulize: Kati ya nusu saa ya mazungumzo na kifaa cha maelfu ya shilingi kilicholala ndani ya kopo, ni kipi chenye hasara kubwa? Aidha, si lazima maswali yote yaulizwe na mtaalamu. Karatasi moja yaweza kujazwa na muuguzi, au na mgonjwa na jamaa zake wakiwa bado kwenye benchi la kungojea. Atakapofika mlangoni, mtaalamu atakuwa na maisha ya mtu mkononi, si jina na umri tu.

Wengine watasema kwamba mgonjwa hajui anachohitaji. Kwa hakika, wapo wanaotarajia miujiza. Shimesikio si miwani inayonyosha maandishi mara moja. Hukuza sauti, zikiwamo zile zisizotakiwa, na hufanya kazi vizuri zaidi msemaji akiwa karibu. Ndiyo maana mazungumzo yanahitajika mapema. Anayejua mipaka ya kifaa tangu siku ya kwanza hatakitupa siku ya thelathini. Na iwapo hitaji lake haliwezi kutimizwa na kifaa, aambiwe ukweli na aonyeshwe njia nyingine, kama vile kusoma midomo, kubadilisha mahali pa kuketi, au Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Katiba ya mwaka 2010 imeitambua na kuiagiza serikali iikuze.

Nimeyaleta haya mbele ya walimu na wanafunzi makusudi. Mzee huweza kujieleza akiulizwa. Mtoto wa darasa la pili hawezi. Yeye hajui kwamba wenzake husikia zaidi yake. Anadhani dunia nzima inanong'ona. Katika tathmini ya mtoto, shahidi mkuu ni mwalimu wake. Nani kama mwalimu anayejua kwamba mtoto huyu hujibu vizuri akiwa mbele, lakini akiketi nyuma huonekana mkaidi? Nani anayejua kwamba huandika imla kwa irabu sahihi na konsonanti za kubahatisha? Mambo hayo yakiandikwa kwa karatasi yakampelekea anayempima mtoto, yatakuwa na thamani sawa na chati.

Mtoto akishapewa kifaa, kazi ya mwalimu ndiyo kwanza imeanza. Mtaalamu Daniel Ling alituachia kipimo cha sauti sita ambacho hakihitaji hata senti moja: m, u, a, i, sh na s. Sauti hizo zimetandaa kuanzia nene hadi nyembamba. Kila asubuhi mwalimu asimame hatua chache kutoka kwa mtoto, aufunike mdomo wake kwa karatasi, atamke moja moja bila mpangilio, na mtoto arudie. Asipoisikia s ambayo jana aliisikia, basi kuna jambo: betri imekwisha, kipachiko cha sikioni kimeziba, au mtoto ni mgonjwa. Kipachiko hicho pia hupwaya mtoto anapokua, kikaanza kupiga mbinja, na sharti kitengenezwe kingine. Dakika moja ya asubuhi yaweza kumwokolea mtoto siku nzima ya masomo.

Mwalimu asisahau kwamba sauti hupungua kwa kasi inaposafiri. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu, nguvu yake hushuka kwa desibeli 6. Basi anayeketi karibu na mwalimu, mbali na dirisha la barabarani, tayari amepewa msaada usionunuliwa. Nanyi wanafunzi mna sehemu yenu. Mwenzenu akivaa kifaa sikioni, tofauti yake na yule aliyevaa miwani ni ipi? Vicheko vya darasani vimevirudisha vifaa vingi mifukoni.

Tukiitazama dunia nzima, suala hili si dogo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilikadiria kwamba zaidi ya watu bilioni 1.5 wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani, na kwamba milioni 430 kati yao wanahitaji huduma. Wengi wa hao milioni 430 wanaishi katika nchi za mapato ya chini na ya kati, yaani nchi kama yetu. Katiba yetu, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kukabiliana na vizuizi vinavyotokana na ulemavu wake. Lakini kifaa kisichomwezesha kitu hakijaitimiza haki hiyo, hata kama kimetiwa sahihi na kupigwa picha kikikabidhiwa.

Kwa hivyo yafaa serikali za kaunti, hospitali, na wafadhili wanaogawa vifaa katika kambi za siku moja wahesabu kwa namna mpya. Wasituambie tu wamegawa vifaa vingapi. Watuambie ni vingapi vingali vikivaliwa baada ya mwaka, na vimemsaidia nani kufanya nini. Vyuo vinavyowafunza wataalamu na walimu wa elimu maalumu, ikiwamo Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya iliyoanzishwa mwaka 1986, vizidi kukazia sanaa ya kuhoji sawa na ufundi wa kupima. Kuhoji si gumzo la kupitisha wakati, bali ni sehemu ya tiba.

Shangazi yangu alirudishwa kupimwa, safari hii na mtu mwingine. Jambo la kwanza aliloulizwa lilikuwa hili: "Mwalimu, wiki yako huwaje?" Wakazungumza kwa muda mrefu. Kikachaguliwa kifaa chenye betri kubwa kidogo, anayoweza kuishika, kikategwa kwa kuzingatia konsonanti zinazompotea. Akaambiwa waziwazi kwamba mvua ikipiga mabati hatasikia mtu, na kwamba hata wenye masikio mazima huwa hawasikii. Kisha akapewa mashauri yasiyogharimu chochote. Alhamisi huketi akiupa ukuta mgongo na mwanga ukiwaangaza wenzake usoni. Wanachama hutaja michango mmoja mmoja, na kila anayetaja tarakimu huiinulia vidole: tisa ni vidole tisa, sita ni vidole sita. Hakuna anayecheka, na wala hakuna anayenong'ona. Daftari lingali mkononi mwake.

Swali moja ndilo lililomrudishia heshima yake. Tumewafunza watoto wetu kwamba kuuliza si ujinga. Imebaki sisi watu wazima, tuliovaa makoti meupe na tulioshika chaki, tuikumbuke methali hiyo tunapoketi mbele ya mtu asiyesikia.